Ofa ya dirham 4,500 Dubai, naweza kwenda na familia au niende peke yangu kwanza?

Mtafutaji88
Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo kwa walioko Dubai au waliowahi kuishi kule. Nimepata ofa ya kazi ya kutunza stoo, ghala liko Al Quoz, mkataba miaka miwili. Jumla ni dirham 4,500 kwa mwezi na wameigawa hivi: mshahara wa msingi 1,800, nyumba 1,500, usafiri 500, na hizo 700 zilizobaki wameandika tu alawansi nyingine. Mimi nikiipiga kwa pesa ya nyumbani naona ni hela ndefu sana alafu kule hakuna kodi ya mshahara, kwa hiyo nilikuwa nawaza niende na mke na mtoto wetu wa miaka mitano, tupange hata chumba kimoja tu, na bado niweke akiba. Shemeji yangu anasema niache kuota. Sasa nani mkweli hapa? Naombeni uhalisia, msinitie moyo bure.

Kipara wa Karama
Mkuu shemeji yako yuko sahihi, mnunulie soda.

Kosa la kwanza la kila anayekuja huku ni kuzidisha mshahara kwa pesa ya nyumbani. Utapokea dirham na utakula kwa dirham, hayo mahesabu mengine yaache mpaka siku unayotuma hela. Ni kweli hakuna kodi ya mshahara, ila tangu Januari 2018 kuna VAT ya asilimia 5 dukani, na kodi yenyewe ya kweli huku ni nyumba, yaani nyumba ndo inakula watu.

Studio mahali penye nafuu kama International City kwa sasa ni kuanzia elfu arobaini na kitu kwa mwaka. Tuseme 45,000. Huku wenye nyumba wengi hawataki hela ya mwezi mwezi, wanataka cheki za tarehe za mbele, moja, mbili, nne, na cheki zikiwa chache ndo bei inashuka. Chukulia umepata wa cheki nne: ya kwanza ni 11,250, dipoziti asilimia 5 ni 2,250, dalali naye asilimia 5 yake 2,250, dipoziti ya umeme na maji kwa DEWA 2,000 kwa fleti, weka na kusajili mkataba Ejari mia mbili na kitu. Hapo hujanunua godoro na umeshatoka karibu elfu 18. Mshahara wa kwanza bado haujaingia hata.

Alafu kuna kitu wengi hawaambiwi, bili ya DEWA inakuja na ada ya manispaa ambayo ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa miezi 12. Kwa nyumba ya 45,000 ni kama 187 kila mwezi, hujawasha taa. Na uliza kama AC iko ndani ya kodi au ina bili yake, maana kuna majengo ambayo baridi ya AC inauzwa na kampuni nyingine kabisa na wakati wa joto hiyo bili inaumiza kuliko umeme wenyewe.

3,750 ya nyumba kwa mwezi kwenye 4,500. Piga hesabu mwenyewe.

fundi_esii
Kipara umemjibu vizuri upande wa familia ila naona watu watasoma hapa waseme Dubai haifai, sio kweli. Mimi nipo 3,200 tu lakini kampuni inanipa kitanda kambini na basi la kwenda saiti, na ovataimu ikiwepo ndo sherehe. Nina rafiki yangu yuko ofisini anapata 7,000 anajipangia, ana gari la mkopo, tarehe 20 huyo ananipigia simu mimi wa 3,200 nimkopeshe. Kwa hiyo usiulize mshahara ni ngapi, uliza nani analipa nyumba na nani analipa usafiri. Hizo mbili zikiwa juu ya kampuni, hata elfu tatu ni hela. Zikiwa juu yako, elfu tano inayeyuka.

Mama Nasra
Mwanangu Mtafutaji, mimi nimelea watoto huku kwa hiyo nakwambia kama mama. Mtoto wa miaka mitano maana yake shule, na shule za serikali sio za kutegemea kwa watoto wetu wageni, wengi tunaishia za kulipia. Za mtaala wa Kihindi ndo zina nafuu, za mtaala wa Kiingereza zinafika makumi ya maelfu kwa mwaka kwa mtoto mmoja, juu yake basi la shule, yunifomu, vitabu. Bima ya afya kampuni inakulipia wewe, hiyo ni sheria ya Dubai na hawaruhusiwi kuikata kwenye mshahara wako, lakini mke na mtoto ni wewe uliyewadhamini unawalipia. Na visa zao pia ni wewe.

Kwenye karatasi unaruhusiwa kabisa kuwaleta, sharti ni mshahara wa 4,000, au 3,000 kama una nyumba ya kampuni. Ndo mtego wenyewe huo. Watu wanaona wamepita kigezo wanadhani na maisha yatapita.

Na hicho chumba kimoja unachokisema, najua utaishia wapi. Utaambiwa kuna partisheni nzuri Deira au Satwa, sebule ya mtu imegawanywa kwa mbao, mnaishi familia nne jiko moja choo kimoja, joto la Agosti na mtoto hana pa kucheza. Juni 2025 manispaa walifanya msako wa partisheni zisizo na kibali maeneo ya Rigga, Muraqqabat, Satwa, Barsha na Raffa kwa sababu ya moto na usalama, watu walipewa notisi wakahangaika na mabegi. Mwanamume peke yake atalala kwa rafiki. Wewe na mke na mtoto mtalala wapi?

Mtafutaji88
Asanteni sana aisee, nimeanza kuelewa, hiyo ya cheki nne sikuwahi kuisikia popote. Maswali mawili. Sharjah je? Nasikia kodi iko chini na ni karibu. La pili, huyu ajenti aliyenitafutia kazi anasema visa na kibali cha kazi natakiwa nilipie mimi alafu nitarudishiwa kidogo kidogo, hiyo ni kawaida?

Kipara wa Karama
Sharjah kodi iko chini kweli na watu kibao wanafanya hivyo, lakini metro haifiki kule, na foleni ya asubuhi kuja Dubai inajulikana dunia nzima. Kutoka Sharjah mpaka Al Quoz kila siku kwa basi alafu uunganishe, utakuwa unawaona watoto wamelala tu. Sikushauri, labda kampuni iwe na gari linalopita huko.

Ukiwa peke yako tafuta bedspesi Satwa, si mbali na Al Quoz. Kitanda ni kama 700 mpaka 1,000 kutegemea chumba kina watu wangapi, umeme maji na intaneti mara nyingi viko humo ndani. Usafiri kadi ya Nol ya kawaida: zoni moja dirham 3, zoni mbili 5, ukizidi hapo 7.50, na basi na metro ni nauli ileile, ukibadilisha ndani ya nusu saa haikati upya. Pasi ya mwezi ya zoni mbili ni 230, ya zoni zote 350. Chakula ukipika mwenyewe na wenzako 500, 600 inatosha, kila siku kafeteria ni balaa, ile chai ya karak ya dirham moja moja na sambusa usiidharau, mwisho wa mwezi jumlisha uone.

Kwa hiyo kitanda 900, usafiri 300, chakula 600, simu 150, na dharura 300. Hiyo ni 2,250. Unabaki na nusu ya mshahara. Peke yako ofa hii inaishi kabisa.

Bintimwambao
Nimefanya kazi HR Dubai, acha niguse hilo la ajenti kwa sababu ndo la hatari kuliko yote hapo juu.

Hapana, si kawaida na ni kinyume cha sheria. Sheria ya kazi ya UAE iliyoanza kutumika Februari 2022 inasema gharama za kuajiri ni za mwajiri, asizichukue kwa mfanyakazi, si moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Huyo ajenti ama anakula pande mbili au hiyo kazi haipo. Ofa ya kweli inapita wizara ya kazi, MOHRE, ina namba, unaisaini wewe kabla ya visa ya kuingia, na mkataba unatakiwa ulingane nayo. Na usikubali kuja na visa ya matembezi eti utabadilishiwa ukifika. Ukifanya kazi na visa hiyo ni kosa, siku ikiisha unahesabiwa faini dirham 50 kila siku, na mwajiri anajua huna pa kwenda kushtaki. Paspoti yako pia ni yako, mwajiri hana ruhusa kuishika.

Sasa angalia huo mgawanyo wao. Msingi 1,800 kati ya 4,500 wameuminya makusudi. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwenye mshahara wa msingi tu, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Kwa 1,800 ni dirham 1,260 kwa mwaka. Wangeandika msingi 3,000 na jumla ikabaki 4,500 ileile, ni 2,100. Ovataimu nayo inahesabiwa kutoka kwenye msingi, na kazi ya ghala ovataimu haikosi, hapo ndo wanaokoa zaidi. Jaribu kuomba waipandishe, wakikataa angalau unajua. Hiyo alawansi nyingine isiyo na jina nayo waambie waandike ni ya nini, maana kitu kisicho na jina ndo cha kwanza kukatwa.

Kuhusu familia naongeza moja tu ambalo halijasemwa. Kipindi cha majaribio kinaweza kufika miezi sita na ndani yake wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14. Visa ya mke na mtoto inaning'inia kwenye yako, yako ikifutwa na zao zinafutwa. Ukishasaini cheki za nyumba ya mwaka mzima ndo unaona ubaya wake. Zamani cheki ikirudi ilikuwa jela, tangu Januari 2022 kwa kukosa salio tu si jinai tena, lakini mwenye nyumba anaenda moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama na unaweza kuzuiwa kusafiri. Kuzuiwa nchi ambayo huna kazi, fikiria.

fundi_esii
Bintimwambao hapo kwenye msingi umenifungua macho, wangu ni 1,200 😂

Ila kipara hesabu yako ya dharura 300 ni ya mtu asiye na ndugu. Weka ndugu, weka misiba, weka harusi. Nyumbani wakisikia uko Dubai simu haipoi, na kwa simu yenyewe kupiga kwa WhatsApp huku kumezuiwa, mpaka utumie programu ya Botim au vifurushi, hata umbea unalipiwa. Na kadi za mkopo za benki, ukipata mshahara tu wanakupigia kila wiki. Kata simu.

Kipara wa Karama
Ndugu ni bajeti ya kila mtu na roho yake, siwezi kuiandika mimi. Ila kadi za mkopo naunga mkono, hao ndo wanaofanya mtu wa 10,000 aishi kama wa 2,000.

Mama Nasra
Na bima ya kukosa kazi usisahau, ni lazima tangu 2023, kwa mwenye msingi usiozidi 16,000 ni dirham 5 tu kwa mwezi, lakini usipojiandikisha faini yake ni 400. Watu wanaisahau kwa sababu ni ndogo.

Mtafutaji88
Wakuu mmenisaidia kuliko mnavyojua. Ajenti nimemwambia sitoi hela, niletewe ofa ya wizara yenye namba, tangu jana hajajibu, nadhani hilo nalo ni jibu. Bahati nzuri email ya kampuni ninayo, nimewaandikia wenyewe moja kwa moja nikauliza kama wana nyumba ya wafanyakazi na usafiri wa kwenda ghalani, na kama msingi unaweza kupanda hata 2,500. Wamejibu leo kwamba kitanda kipo na gari lipo ila nikichukua vyote wanatoa zile 1,500 na 500. Yaani nabaki na 2,500. Mke tumekubaliana abaki kwanza mpaka majaribio yaishe. Sasa hapo nichukue kitanda chao au hela?

Bintimwambao
Chukua hela. Kitanda cha 900 na pasi ya 230 au 350 haifiki 2,000 wanazokukata, unabaki na mia saba na zaidi kila mwezi. Kama majibu ya msingi hawajakupa, wakumbushe, usisaini kabla.

fundi_esii
Mimi ningechukua ya kampuni miezi miwili ya kwanza nikijua mji kisha nitoke, ila waulize kwanza kama inaruhusiwa kubadilisha katikati ya mkataba na waiandike. Na uliza chumba kina watu wangapi, jiko lipo au ni chakula cha mesi cha kulipia. Kama hakuna jiko usiende, mesi ya kambini wali na dengu mwaka mzima.