Waitaliano walitoroka jela Nanyuki wakapanda Mlima Kenya, ni ukweli ama stori za jaba?

Eastlando: Wasee, kuna mzee wa mtaa anasema ati wakati wa vita vya pili vya dunia Waitaliano walikuwa wamefungwa Nanyuki, wakatoroka, wakapanda Mlima Kenya alafu wakarudi kambini wenyewe. Nimesoma historia mpaka fomu foo na sijawahi kutana na hii kitu. Kama mnajua zingine kama hizo mwageni hapa.

mlimani_tu: Ni ukweli kabisa, ilikuwa 1943. Felice Benuzzi, daktari anaitwa Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Ebu fikiria umefungwa, mawingu yakifunguka unaona ule mlima umesimama hapo mbele na huna ramani huna vifaa huna chochote. Nyundo na vyuma kuukuu wakageuza shoka za barafu, kamba wakatoa kwa nyavu za vitanda, picha ya mlima wakapata kwa lebo ya mkebe wa nyama. Barsotti aligonjeka akabaki chini, hao wawili Batian, kile kilele cha juu kabisa, ikawashinda lakini tarehe 6 Februari wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya kwao. Kurudi wakapewa siku 28 za seli ila mkubwa wa kambi alipenda ujasiri wao, wakakaa 7 tu.

Eastlando: Lakini si wangekimbia tu?

mlimani_tu: Wakimbie waende wapi na pande zote ni Waingereza? Mahali salama pa karibu ni Msumbiji kwa Wareno, ambao hawakuwa vitani, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu.

kina_history: Ongeza hii, ya vita vya kwanza vya dunia. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la injini, zeppelin L59, kutoka Bulgaria lije Tanganyika na karibu tani 15 za risasi na dawa za jeshi la von Lettow-Vorbeck, mkubwa wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki. Halikuwa na mpango wa kurudi, lingefunguliwa hapa kitambaa chake kiwe mahema. Likavuka jangwa likafika Sudan, wakaambiwa kwa redio wageuke. Masaa 95 hewani bila kutua, karibu kilomita 6,800! Na huyo Lettow siku chache baadaye akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, hakuweka silaha chini mpaka 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya.

Shosh_wa_Ziwani: Sawa, lakini tusisahau nani alikuwa anabeba mizigo ya hayo majeshi yote. Ni babu zetu, walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini maelfu kwa maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi, ni kuhara, malaria na njaa. Kariokor hapa Nairobi ndio ilikuwa kambi yao. Ukipita Kenyatta Avenue angalia zile sanamu tatu, mmoja ni mbeba mizigo. Watu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu na hakuna mtu amewahi kuwaambia huyo ni nani. Hiyo ndio ingekuwa kwa vitabu vya fomu foo.