Je, mwajiri anaweza kuinunua siku ya mapumziko ya wiki?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi wa kisheria. Ninatunza ghala, na kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni jina langu limejazwa siku zote saba. Kila mwisho wa mwezi mwajiri huongeza kiasi kidogo, ambacho kwenye hati ya mshahara kimeandikwa "fidia ya mapumziko", na anashikilia kwamba kwa kuwa nilitia saini mkataba wenye kipengele hicho, siwezi tena kudai siku ya kupumzika. Hata wiki chache ninazoruhusiwa kubaki nyumbani, ninaagizwa nisizime simu na nifike mara tu gari la mzigo linapoingia. Je, hili ni halali?

Jibu la kwanza

Ndugu, pole na kazi. Mkataba Na. 14 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921, unaohusu viwanda, na ule Na. 106 wa mwaka 1957, unaohusu biashara na ofisi, yote miwili inataka mfanyakazi apumzike angalau saa 24 mfululizo katika kila siku saba, kwa hiyo saa hizo hazikatwikatwi asubuhi moja hapa na jioni moja pale.

Mkataba Na. 106 unakubali mtu aitwe kazini siku yake ya mapumziko kukiwa na ajali, matengenezo ya haraka, wingi wa kazi usio wa kawaida au bidhaa zinazokaribia kuharibika, lakini hata hapo unaagiza apewe mapumziko mengine yasiyopungua saa hizo. Nyongeza unayolipwa ni ujira wa kazi uliyoifanya. Mapumziko bado unadai. Isitoshe, ghala linalopokea mizigo kila wiki linahitaji kuajiri mtu wa pili, na kuliita hilo dharura ni kukuonea. Kuhusu saini yako, kipengele kinachoshuka chini ya kiwango cha chini cha sheria kwa kawaida hakina nguvu, ila soma sheria ya ajira ya nchi yako, kwa sababu viwango vya malipo na taratibu za malalamiko hutofautiana.

Jibu la pili

Naongeza suala la simu. Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011, uliowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unataka muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia apendavyo, kwa kuwa anasubiri kuitwa, uhesabiwe kuwa saa za kazi kwa kadiri sheria ya nchi inavyoelekeza. Wewe si mfanyakazi wa nyumbani, lakini hoja hiyo inakufaa. Hifadhi kila ujumbe wa kukuita pamoja na tarehe na saa yake, na uipige picha ile ratiba kabla haijabanduliwa.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila usiidai Jumapili au siku nyingine maalumu kana kwamba sheria imekupa hiyo tu. Mikataba hii huheshimu siku iliyozoeleka pale inapowezekana, na kazi za zamu hupokezana. Mwandikie mwajiri barua ukiomba siku moja kamili kila wiki, ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Akikaa kimya, ipeleke nakala hiyo kwa chama cha wafanyakazi au kwa ofisa wa kazi, pamoja na hati zako za mshahara.