Mjadala: Sadaka ya kanisa la kwanza iliwafikia wajane. Yetu inamfikia nani?

Ndugu zangu, kila tukisema turudi kwenye kanisa la kwanza, mazungumzo huishia kwenye majengo: wao walisali majumbani, sisi tunajenga makanisa makubwa. Mimi naona tunabishania ganda. Kiini ni sadaka.

Justino Mfiadini, mwalimu wa Kikristo, akiandika huko Roma mnamo mwaka 155, ameieleza ibada ya Jumapili hatua kwa hatua. Maandiko yanasomwa, kiongozi anaonya, wote wanasimama kuomba, wanashiriki mkate na divai, kisha mashemasi wanawapelekea wasiofika. Wenye nacho hutoa, kila mtu kwa hiari yake. Kilichopatikana huwekwa kwa kiongozi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Someni tena orodha hiyo, jengo halimo.

Najua nitaulizwa, "Mchungaji naye ale nini?" Ni swali la haki. Paulo, ambaye mwenyewe alishona mahema, aliwaandikia Wakorintho kwamba wanaohubiri Injili wana haki ya kupata riziki kwayo. Na mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, alitaja hesabu ya kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, na watumishi wengine wa ngazi za chini 101. Halafu akaongeza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500, wote wakitunzwa na kanisa hilohilo. Yaani kwa kila mtumishi mmoja, karibu wahitaji kumi. Chukueni bajeti ya kanisa lenu mtafute fungu la wajane. Mkilipata, angalieni liko mstari wa ngapi.

Wala sisemi wale walikuwa malaika. Matendo sura ya 6 inasema wazi kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakumwita mtu mwasi. Waliuachia mkutano uchague watu saba wa kusimamia kazi hiyo, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Mimi nasoma hapo kwamba mezani waliwekwa watu wa upande uliokuwa unalalamika!

Hili linanigusa kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kikao cha washarika, mama mmoja mjane akasimama kuuliza makusanyo ya mwaka yalitumikaje. Alijibiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Akakaa chini, akaanza kukunjakunja kitambaa chake mapajani, nasi wengine tukanyamaza. Nami nilinyamaza.

Wanaosema nyakati zimebadilika, nijibuni hili: katika kanisa lenu, muumini wa kawaida akitaka kuona daftari la sadaka, anamwendea nani, na anaonyeshwa?