Mjadala: Kompyuta mpya ni yako, lakini nani aamue utapiga Windows ipi?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Mtu ananunua kompyuta mpya, imekuja na toleo jipya la Windows, lakini programu anayofanyia kazi inataka toleo la nyuma. Akishusha toleo, yuko ndani ya sheria au nje? Wengi hujibu haraka kwamba mashine ni yake, apige anachotaka. Mashine ni yake, sawa, ila Windows hakuinunua. Alipewa leseni, na leseni ina masharti.

Masharti yenyewe yanabagua. Aliyenunua mashine iliyowekewa Windows Pro (ile ya kazini) kiwandani ana haki ya kushusha. Mwenye Home (ile ya nyumbani) hana, hata kama mashine zao ni pacha. Mkataba wa Windows 10 Pro iliyokuja na mashine ulitaja wazi 8.1 Pro na 7 Professional, bila kulipia leseni nyingine, na ukitaka kurudi toleo jipya unarudi. Diski ya toleo la zamani, hata hivyo, utaitafuta mwenyewe kwa njia halali, mtengenezaji halazimiki kukupa.

Kinachoniudhi ni kifungu kinachofuata hapo hapo: haki hiyo inadumu kwa muda ule tu ambao Microsoft bado inalihudumia toleo la zamani. Huduma ya Windows 7 iliisha tarehe 14 Januari 2020, na haki ya kushuka hadi 7 ikazikwa nayo. Mtu anakwenda toleo la zamani kwa sababu programu yake imezeeka, na umri huohuo ndio unaomnyima ruhusa! Mimi nasema sheria za walaji ziingilie kati. Karibuni.

Fundi:
Mkuu, unabishania karatasi wakati ukuta uko kwenye mashine. Chukua laptopu ya sasa ujaribu kuipiga Windows 7. Fleshi inabuti vizuri, unafika pale pa kuchagua lugha, mausi haisogei na kibodi imekufa. Ile 7 haikuja na draiva (programu zinazoifanya Windows itambue kifaa) za USB 3.0. Haya, umezipachika kwenye fleshi, umepita. Orodha ya diski iko tupu, maana NVMe, aina ya diski za kasi za siku hizi, nayo haiijui. Ukitatua na hilo, mashine nyingi mpya hazina tena CSM, yaani sehemu iliyoruhusu kubuti kwa mtindo wa BIOS ya kale, ile programu ya kuwashia mashine.

Na si bahati mbaya tu. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba prosesa mpya zitahudumiwa na toleo jipya peke yake. Mwaka 2017 waliopiga 7 juu ya prosesa za Intel ziitwazo Kaby Lake wakakuta sasisho zimefungwa, wakati 7 yenyewe bado ilikuwa na karibu miaka mitatu ya huduma. Leseni zao zilikuwa safi kabisa. Ziliwasaidia nini?

Kushuka kutoka 11 hadi 10 ni kazi nyepesi. Kwenye baadhi ya mashine za Intel diski haionekani mpaka uipe draiva ya VMD, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, basi.

Mtu wa usalama:
Mnasahau Mei 2017. WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilifunga kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Microsoft ilibidi itoe kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) hadi cha Windows XP, toleo ililoacha kulihudumia Aprili 2014. Mashine isiyopata viraka haimdhuru mwenyewe peke yake, inaambukiza na majirani kwenye mtandao. Kifungu unachokilalamikia mimi nakiona cha busara.

Mleta mada:
Mfano wako unakugeuka, ndugu. Wengi walioathirika walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa inahudumiwa, na kiraka kilitoka Machi, miezi miwili kabla. Shida ilikuwa kutosasisha. Zaidi ya hapo, mashine ambayo haijaunganishwa popote itamwambukiza nani?

Na wanaosema mkataba ni mkataba wakumbuke Julai 2012. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua kwamba aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuza tena, hata kama mkataba wa kampuni ulimkataza. Kwa hiyo sheria ikitaka, inaupiku mkataba.

Mchangiaji mwingine:
Mnailalamikia Microsoft tu! Mac mpya haikubali macOS iliyotangulia ile iliyotoka nayo kiwandani. Hata pa kubishania hakuna.

Mtumiaji wa Linux:
Huku kwetu toleo la zamani linapakuliwa wakati wowote na hakuna wa kukuuliza. Draiva ya Wi-Fi ndiyo itakayokuuliza, kwa sababu kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani haiitambui. Naendelea kusoma.

Mtu wa maabara:
Sisi tuna hadubini inayoendeshwa na programu isiyokubali chochote zaidi ya Windows 7. Hadubini nzima, kompyuta yake imekufa. Tuliambiwa tutumie mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ni wazo zuri, lakini leseni inahesabu nakala moja kwa kifaa kimoja, kiwe cha kushikika au pepe. Windows iliyo juu inataka yake, ya ndani inataka yake, na ya 7 haiuzwi tena dukani.

Mleta mada:
Basi niseme ninachokitaka bila kuzunguka. Toleo likishafikia mwisho wa huduma, mwenye leseni yoyote ya toleo jipya, Home au Pro, aruhusiwe kulitumia kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao. Draiva sizidai, Fundi amenishinda hapo. Mtu wa usalama, kwa sharti hilo bado unapinga?