TV "inashika simu yoyote bila waya": wauzaji na waagizaji, mtatudanganya mpaka lini?

Wakuu, sijaja kuomba msaada. Nimekuja kulalamika, na ni kirefu, mwenye haraka apite tu.

Nimenunua TV ya inchi 43 Kariakoo. Kampuni siitaji na duka silitaji, maana ukizunguka mtaa mzima utakutana na maneno yale yale. Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba inapokea video za simu bila waya, wakaweka na picha ya dada kakaa kwenye sofa, simu mkononi, anacheka, kilichomo kwenye simu yake kimejaa kwenye TV. Nikamuuliza muuzaji, na hii simu yangu itakubali? Akajibu bila hata kuitazama: "Bosi, hii inashika simu yoyote. Wewe washa waifai tu."

Tukafika nyumbani. Simu yangu haiioni TV kabisa. iPhone ya mke wangu nayo haiioni. Ya mdogo wangu, ambayo ni ya bei ya chini kuliko zote mle ndani, ikaiona, ikaunganika, tukashangilia. Tukaweka video ya send-off ya dada yetu ili mama aione kwa ukubwa. Picha inaganda, inaruka, inaganda tena, sauti imeshatangulia mbele. Mama anauliza mbona MC anaongea huku kafumba mdomo.

Nikarudi dukani. "Labda simu yako ina shida." Simu ya laki nane ina shida, TV aliyoniuzia yeye haina! Nikaomba anibadilishie, akanigeuzia risiti nione mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa kilichonipandisha hasira si TV kuwa mbovu. TV si mbovu. Kilichonipandisha hasira ni kwamba nilipokaa chini kufuatilia nikagundua hakuna kitu kimoja kinachoitwa kurusha video bila waya. Kuna mifumo kadhaa, imetengenezwa na watu tofauti, mingine haielewani kabisa, na anayeagiza kontena la TV anajua fika ndani mna mfumo upi. Muuza gesi wa mtaani kwangu, kijana hajamaliza hata darasa la saba, kabla hajaniuzia mtungi ananiuliza regulata yangu ni ya mtungi gani. Huyu anauza kitu cha laki kadhaa haulizi chochote.

Nianze na Miracast, maana ndiyo iliyomo kwenye TV nyingi za bei nafuu. Hapa simu na TV zinaongea zenyewe kwa zenyewe, ruta haihitajiki, na ukirusha video iliyomo kwenye simu bando haliguswi. Muungano wa Wi-Fi Alliance ulianza kuvipa vifaa vyenye Miracast cheti mwaka 2012, na mwaka huo huo Android 4.2 ikaja nayo. Ungedhani mambo yameisha hapo. Wapi! Mwaka 2013 Google ikatoa Chromecast, kile kidude chake cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI la TV, cha dola 35, ikaanza kusukuma mfumo wake yenyewe, na baadaye Miracast ikaondolewa kwenye Android ile ya Google. Simu za Google yenyewe, Pixel, zilipoanza kutoka mwaka 2016 hazikuwa nayo. Samsung wakaibakiza, wakaiita Smart View. Wengine wakaipa majina wanayojua wao, ndiyo maana ukiuliza "inapatikana wapi kwenye simu" unaambiwa majina matano tofauti na yote yanaweza kuwa sahihi.

Huo mfumo wa Google, Google Cast, ni habari nyingine kabisa na hapa watu wengi wanapigwa. Ukibonyeza ile alama ya kurusha kwenye YouTube, simu yako hairushi chochote. Inaiambia TV ikachukue ile video mtandaoni, halafu TV inaivuta yenyewe. Simu imebaki kuwa rimoti. Maana yake ni kwamba lazima TV iwe na intaneti yake, na itavuta kwa ubora unaolingana na kioo kikubwa, wala haijali kwamba kwenye simu ulikuwa unaangalia kwa ubora wa chini ili bando lifike jioni. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Halafu mtu anashangaa kifurushi chake cha wiki kimeisha kabla filamu haijaisha.

iPhone inatumia AirPlay, ya Apple, ipo tangu 2010, na Miracast haiijui kabisa. TV za Samsung na LG zilianza kupokea AirPlay 2 mwaka 2019, na kampuni nyingine kubwa zikafuata kwenye baadhi ya matoleo. Ya kwangu haina na haitakuwa nayo. Kwa hiyo mke wangu alikuwa anahangaika bure tangu dakika ya kwanza, na boksi lilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuandika hilo mstari mmoja.

DLNA, mfumo wa zamani wa kupitisha video kwenye mtandao wa nyumbani, nayo mnaiona imeandikwa kwenye maboksi bado. Muungano uliokuwa unaisimamia ulianzishwa 2003 na ukajivunja 2017. Inafanya kazi, sikatai, lakini unatakiwa uwe na programu ya pembeni kwenye simu na ujue unachofanya. Bibi yako hawezi.

Halafu kuna hili la neno Android. TV yangu ikiwaka inaleta kile kiroboti cha kijani, na muuzaji alikionyesha kwa kidole kama ushahidi. Msingi wa Android ni chanzo wazi, mtengenezaji yeyote duniani anauchukua bure na kuuweka kwenye TV. Google Cast na Play Store halali vinakuja kwenye TV zilizothibitishwa na Google, zile za Android TV au Google TV. Nyingine zinakuja na duka la programu la ajabu ajabu, YouTube ya kubandikwa, na kitu cha kurushia ambacho kinataka kwanza uingize programu fulani kwenye simu kwa kuchanganua picha ya QR inayokupeleka kwenye tovuti usiyoijua. Mimi niingize faili kutoka tovuti ya watu gani sijui kwenye simu yenye M-Pesa yangu? Hapana.

Kuhusu kuganda kwa picha. TV nyingi za bei yetu zina waifai ya GHz 2.4 peke yake. Masafa hayo ndiyo ya ruta za majirani wote, ya Bluetooth, hadi ya maikrowevu. Chaneli zisizoingiliana humo ni tatu tu: 1, 6 na 11. Weka hiyo kwenye ghorofa za Sinza au nyumba za kupanga zenye vyumba kumi na ruta sita, halafu simu inabana picha muda huo huo, inairusha hewani, na TV yenye kichakataji dhaifu inaifungua muda huo huo. Kama simu yako wakati huo imeshika ruta kwenye GHz 5 inabidi irukeruke kati ya masafa mawili, na hapo ndipo MC anapoongea kafumba mdomo. TV ya namna hiyo kwa Miracast inatosha kuonyesha picha za mnato. Video ya saa mbili isahau.

Na hiyo ghorofa ina vituko vyake. Kwenye orodha ya simu zinatokea TV nne zenye jina lile lile, maana zote zimetoka kiwandani hivyo na hakuna aliyebadilisha. Nyingine hazidai hata namba ya siri. Wiki iliyopita tunaangalia taarifa ya habari, ghafla kioo chote kikawa ukurasa wa WhatsApp wa mtu. Sijui ni jirani yupi na sitaki kujua, lakini kaka kama unasoma hapa, lile deni lipa.

Tuje kwenye hotspoti, maana nyumba nyingi hazina ruta, intaneti ni ya simu. Unawasha hotspoti, TV inaingia, YouTube ya kwenye TV inacheza vizuri. Ukitaka kurusha kutoka simu hiyo hiyo inayotoa hotspoti, kwenye simu nyingi alama haitokei, kwa sababu simu yenyewe haijaunganishwa na waifai yoyote. Inabidi simu nyingine itoe hotspoti, yako na TV ziingie humo. Mwenye ruta naye akiingiza TV kwenye mtandao wa wageni na simu kwenye mtandao wa kawaida, havionani, kwa sababu mtandao wa wageni umewekewa ukuta makusudi. Haya yote yako kwenye kitabu cha maelekezo? Kitabu changu kina kurasa za usalama, usimwagie TV maji, usiiweke juani. Sehemu ya kurusha video ina mistari mitatu ya Kichina kilichotafsiriwa na mashine kwenda Kiingereza.

Wale mtakaofungua filamu ya Netflix mkakuta sauti ipo na picha ni nyeusi tii, hapo TV haijaharibika. Ni ulinzi wa hakimiliki. Programu inakataa kioo chake kunakiliwa, au TV haina ule uthibitisho unaotakiwa wa HDCP, yaani kinga ya kuzuia video isinakiliwe njiani. Na hata wenye vifaa halali wanafungiwa: Netflix iliacha AirPlay mwaka 2019, na mwishoni mwa 2025 ikaondoa kurusha kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV nyingi, wanataka ufungue programu yao iliyomo kwenye TV kwa rimoti. Kama TV yako haina programu hiyo iliyo halali, imekula kwako. Umelipia kifurushi, umelipia TV, umelipia bando, na bado unaangalia kwenye simu.

Najua majibu yanayokuja, niyawahi.

"Nunua Chromecast." Google iliacha kuzitengeneza Agosti 2024. Zilizobaki madukani ni za kumalizia, na hamjasahau Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili duniani kote ziligoma kwa pamoja kwa sababu cheti cha kidijitali kiliisha muda wake. Zilirekebishwa, ndiyo, lakini kwa siku kadhaa watu walikuwa na vifaa vizima visivyofanya kazi sebuleni kwao. Sasa kuna Google TV Streamer, iliyochukua nafasi ya Chromecast, ya dola 99 huko Marekani, huku kwetu bei anaitaja muuzaji kulingana na viatu ulivyovaa.

"Tumia waya wa Type-C kwenda HDMI." Haya, hapa ndipo wizi mwingine ulipo. Ule waya unatoa picha kama simu yenyewe ina uwezo wa DisplayPort, yaani wa kutoa picha kupitia tundu la chaji. Simu nyingi za kati na za chini hazina, tundu lao ni la chaji na kuhamisha mafaili tu. iPhone zimeanza kuwa nao kwenye 15, mwaka 2023. Na wanaouza hizo waya mitaani wanamuuzia kila mwenye tundu la Type-C. Nilishuhudia mama mmoja anauziwa kwa simu ambayo nilijua kabisa haitakubali, nikamwambia, muuzaji akanifokea kwamba namharibia riziki.

"Shusha programu ya kurusha, zipo za bure." Za bure zina tangazo kabla ya video, katikati ya video, na ukitaka kufunga tangazo. Ukichoka wanakwambia lipia kwa wiki. Kwa wiki! Kurusha video yangu niliyoirekodi mimi, kutoka simu yangu kwenda TV yangu. Tofautisha na VLC, programu ya kuchezea video, hiyo ni ya bure kweli na haina matangazo, lakini inarusha kwa Chromecast, kwa hiyo tumerudi pale pale.

"Weka kwenye flashi." Ndiyo ninachofanya sasa hivi, na hata hapo kuna kipengele: video zilizorekodiwa kwa HEVC, aina mpya ya kubana video, ambazo iPhone inazirekodi hivyo tangu iOS 11, TV nyingine zinatoa sauti bila picha. Na filamu zenye sauti ya Dolby zinatoa picha bila sauti, kwa kuwa mtengenezaji hakulipia leseni. Lakini mimi sikununua TV yenye tundu la flashi. Nilinunua iliyoandikwa bila waya.

Ninachodai ni kidogo. Boksi liandike: Miracast ipo au haipo, Google Cast ipo au haipo, AirPlay ipo au haipo, waifai ni GHz 2.4 tu au na 5. Mistari minne. Muuzaji awashe TV, achukue simu ya mteja, airushe video mbele yake kabla hajapokea hela, kama anavyojaribu feni na pasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, Tume ya Ushindani, ofisi zao wanazo. Mimi nimeshapiga picha boksi pande zote nne, risiti na video ya TV ikigoma, na barua naiandika. Mwenye TV iliyoandikwa vile vile na imemgomea naye apige picha boksi lake aweke hapa chini, pamoja na jina la modeli ya simu yake, ili niende na rundo la ushahidi.

Mafundi wa "zima kisha washa", mniache kwanza.