Silver Shadow ya 1974 iliyokarabatiwa, Jaguar Mark 2 au Daimler V8: ipi ninunue?

Mkaazi_Coventry

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Coventry, Uingereza, na nimejiwekea akiba ya kununua gari la zamani la Kiingereza, la starehe, la kutoka nalo na familia wikiendi na kubebea maharusi wa ndugu zetu huku Midlands. Baada ya kuchambua matangazo nimebaki na matatu.

La kwanza ni Rolls-Royce Silver Shadow ya 1974, pauni 19,500. Tangazo linasema imekarabatiwa kikamilifu: rangi mpya, fedha juu na buluu chini, viti vimevalishwa ngozi upya, mbao za dashibodi zimepigwa vanishi hadi unajiona. La pili ni Jaguar Mark 2 ya 1964, injini ya lita 3.8, gia za mkono na ovadraivu, pauni 34,000. La tatu ni Daimler V8 250 ya 1968, otomatiki, pauni 17,000.

Moyo wangu uko kwenye Rolls. Nimeenda kuiona, nimekaa kiti cha nyuma, na sijawahi kukaa kwenye gari lenye utulivu ule. Lakini kuna jambo linanisumbua: inakuwaje Rolls-Royce iuzwe karibu nusu ya bei ya Jaguar ambayo ni ndogo kuliko yenyewe?

Gereji_Leicester

Mkuu, Shadow ziko nyingi. Zilitengenezwa Crewe kuanzia 1965 hadi 1980, zaidi ya 20,000, kwa hiyo kuipata si shida. Shida ni kuitunza. Mara nyingi ukiona Shadow ya bei poa, kilichopunguzwa kwenye bei ni matengenezo ambayo mwenyewe aliyakwepa, na utayalipa wewe.

Sasa soma tena hilo tangazo. Rangi, ngozi, vanishi. Umeona neno breki popote? Mimi nafanya kazi na magari haya, na kwenye Shadow breki ndiyo habari yenyewe. Kuna pampu mbili zinazoendeshwa na kamshafti ya injini, zinasukuma mafuta kwa presha kubwa hadi kwenye matufe mawili ya chuma yenye gesi ya naitrojeni ndani. Presha hiyo ndiyo inayofunga breki, na ndiyo inayosawazisha kimo cha gari ukipakia watu nyuma, mfumo ambao Rolls-Royce waliupata kwa leseni ya Citroën. Gesi ikiisha kwenye tufe, gari bado litatembea na litasimama, na mnunuzi hatajua kitu siku ya majaribio.

Fanya hivi. Waambie wawashe injini, ingurume dakika chache, kisha izimwe. Geuza ufunguo taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini. Kanyaga breki hadi chini, achia, kanyaga tena, huku ukihesabu. Gari lisilo na hitilafu litakubali kukanyagwa mara nyingi sana kabla taa za onyo la presha hazijawaka. Zikiwaka baada ya mara chache tu, matufe yamechoka.

Halafu uliza wametia mafuta gani. Shadow inatumia RR363, mafuta ya breki maalumu yanayolainisha zile pampu. Ukitia ya kawaida ya dukani unazikausha. Ukitia yale ya madini ya kijani, yaliyokuja na Silver Spirit baada yake, unaharibu mipira yote inayozuia mafuta yasivuje kwenye mfumo. Nimewahi kuifungua moja iliyotiwa yasiyo yake. Mipira ilikuwa imevimba na kulainika, ukiibana kwa vidole inakatika. Ilibidi tuanze pampu hadi magurudumu.

Dada_Mwanaidi

Nakubaliana na fundi kwenye breki. Mimi ninayo Bentley T, ambayo ni gari hilo hilo ila grili na boneti tofauti, na adimu zaidi. Naongezea bodi.

Wengi watakuambia uende na sumaku kuangalia kama wamejaza puti, ule udongo wa kuficha kutu na mabonde. Sawa, lakini ujue kwamba milango, boneti na kifuniko cha buti vya Shadow ni alumini. Sumaku haitashika hapo hata kama gari ni zima kabisa. Ipitishe kwenye vizingiti chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na sehemu ya chini ya mabawa ya mbele. Shadow ilikuwa Rolls ya kwanza kujengwa bila chesisi inayojitegemea, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikiingia pale springi za nyuma zinapokaa, hilo si suala la urembo tena. Lala chini utazame. Kama muuzaji hataki gari linyanyuliwe kwa jeki, rudi nyumbani.

Msafiri_NBO

Salamu kutoka Nairobi. Kaka, usiikatie tamaa Mark 2. Kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ikitokea Jaguar ya zamani watu huizunguka kweli kweli. Ilitoka 1959 hadi 1967, na ile ya 3.8 ndiyo polisi wa Uingereza waliitumia kwenye barabara kuu ya M1. Zaidi ya 80,000 zilitengenezwa, spea zake zimejaa.

Gereji_Leicester

Spea zipo, kweli. Lakini kwa kubebea maharusi? Nyuma ni padogo, na bibi harusi mwenye gauni pana atateseka. Gia ya kwanza ya 1964 haina sinkro, lazima gari lisimame kabisa ndipo uingize, na kama usukani si wa pawa basi kwenye msongamano mikono itauma. Ni gari la dereva. Anayelinunua alinunue kwa ajili yake mwenyewe.

Dada_Mwanaidi

Ndiyo maana mimi naitazama Daimler. Mkaazi, hilo limezaliwa hapo hapo mjini kwako. Jaguar waliinunua Daimler 1960, wakaitia V8 yake ya lita 2.5 kwenye bodi ya Mark 2. Injini ile ilibuniwa na Edward Turner, yule yule wa pikipiki za Triumph, na ni nyepesi kuliko ile ya Jaguar, hivyo pua ya gari haielemei usukani. Ni tulivu, otomatiki, na mfumo wake wa breki fundi yeyote wa magari ya zamani anaujua. Nafasi ya nyuma ni ile ile ya Mark 2, hapo sidanganyi.

Yote matatu yamepita miaka 40, kwa hiyo utasamehewa kodi ya barabara, na kama hayajabadilishwa sana hayalazimiki ukaguzi wa MOT, ule wa usalama wa kila mwaka. Wewe yapeleke tu. Na kabla ya kutoa hata senti, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali usome kumbukumbu za MOT, ni bure. Maili, kutu, breki, kila kilichokutwa wakati wa ukaguzi kimeandikwa.

Mkaazi_Coventry

Nimefanya hivyo jana. Shadow ilikaguliwa mara ya mwisho 2017, na iliandikwa kutu kwenye kizingiti cha kushoto na breki zinazovuja. Nimempigia muuzaji. Risiti alizonazo ni za rangi na za viti. Breki anasema "ziko sawa".

Gereji_Leicester

Basi usinunue kwa 19,500. Kama bado unaitaka, fundi wa Rolls aikague kwanza, atoe gharama za breki na kizingiti kwa maandishi, zikatwe kwenye bei. Aangalie pia vitundu vilivyo ubavuni mwa injini. Bloku ni alumini na slivu za silinda, yaani mabomba ambamo pistoni hutembea, zimezungukwa na maji, na vitundu vikidondosha maji basi mipira ya chini ya slivu imekufa. Injini nzima inashuka.

Mkaazi_Coventry

Muuzaji amekataa kulinyanyua gari wala kuleta fundi. Nimeiacha, ingawa imeniuma. Jumamosi naenda kuiona Daimler, ina risiti tangu 1991, zikiwemo za kukatwa na kuchomelewa vizingiti vyote viwili, na picha za kazi ikiendelea.

Dada_Mwanaidi

Nitakuja nawe. Tutaanza kwa nyuma, pale springi zinapoingia kwenye bodi. Na piga simu ya bima mapema: ile ya kawaida ya magari ya zamani kwa kawaida haigusi kazi ya kulipwa, hivyo ukitaka kutoza maharusi useme tangu mwanzo.