Mwanafunzi wa gredi ya 10 kwenda Marekani mwaka mmoja: chanjo, ada za viza na masomo akirudi

Mama Kisauni
Hamjambo wenzangu. Binti yangu wa gredi ya 10 hapa Kenya amekubaliwa kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, mwaka mzima Marekani kuanzia Agosti, viza ya J-1 (ya wageni wa mipango ya kubadilishana). Kadi yake ya kliniki imejazwa yote hadi miezi 9, lakini shule ya kule inasema haitoshi. Haitoshi vipi? Na ada za viza, ipi hutangulia? Akirudi Juni ataingia darasa gani?

Muuguzi Likoni
Mama, anza na chanjo wiki hii hii. Fomu zaweza kukimbizwa, sindano haikimbizwi.

Kliniki haikukosea. Tatizo ni umri aliochanjwa. Surua ya miezi 9 hawaihesabu, kwa sababu kwao dozi ya kwanza lazima iwe baada ya kutimiza mwaka mmoja. Tena wanataka MMR, yenye surua, matumbwitumbwi na rubela, dozi 2 zikipishana angalau siku 28. Hata kama alichanjwa kwenye kampeni ya 2016, ile ilikuwa surua na rubela tu, haina matumbwitumbwi. Homa ya ini B alipata wiki ya 6, 10 na 14, nao husema dozi ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 24. Kwa hiyo aongezewe moja. Polio vivyo hivyo: dozi ya mwisho iwe baada ya miaka 4. Tetekuwanga haimo kabisa kwenye ratiba yetu ya taifa. Atahitaji dozi 2, siku 28 kati yake. Ongeza Tdap moja (pepopunda, dondakoo na kifaduro). Majimbo hutofautiana, kwa hiyo omba orodha ya jimbo lenyewe, si ya shirika linaloendesha mpango. Baadhi huongeza homa ya uti wa mgongo.

MMR na tetekuwanga zote ni chanjo hai (zina virusi hai vilivyodhoofishwa). Zidungwe siku moja, au zipishane siku 28. Ukizitenganisha wiki moja, ile ya pili haihesabiwi na pesa zimepotea.

Kipimo cha kifua kikuu ndicho huwatisha wazazi bure. Watoto wetu wamedungwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na kipimo cha ngozi mkononi kinaweza kuvimba kwa sababu hiyo tu. Omba kile cha damu, IGRA, ambacho BCG haikiathiri. Damu itolewe siku ile ile ya chanjo hai au wiki 4 hadi 6 baadaye, la sivyo jibu linaweza kuwa la uongo.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: daktari aandike mwezi kwa herufi. 04/07 kwetu ni tarehe nne Julai, Mmarekani atasoma Aprili saba.

Karani wa Bandari
Upande wa viza: shirika hutoa fomu DS-2019 kwanza, ile ya kuthibitisha amekubaliwa kwenye mpango. Bila hiyo huwezi kulipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wageni), maana namba yake imo humo. SEVIS ya J-1 ni dola 220. Kisha DS-160 (fomu ya maombi ya viza mtandaoni) na ada ya viza, dola 185, ndipo miadi ya ubalozini. Mpango ukiwa umefadhiliwa na serikali ya Marekani, ada zote mbili husamehewa. Uliza kabla hujalipa. Majina ya DS-2019 yalingane na pasipoti herufi kwa herufi. Yakipishana, shirika lirekebishe kabla ya mahojiano, sio baada.

Familia mwenyeji hailipwi kwa viza hii. Mtu akikudai kodi ya chumba, simama hapo hapo.

Mwalimu Changamwe
Kuhusu darasa: muhula wetu huanza Januari, wao Agosti au Septemba. Atakosa kipande cha gredi ya 10 na nusu ya gredi ya 11. Mfumo wetu wa sasa unahesabu na kazi za shuleni, si mtihani wa mwisho peke yake, kwa hiyo kumrudisha moja kwa moja gredi ya 11 ni kumtafutia mapengo. Mimi ningepanga arudie mwaka. Barua ya mkuu wa shule itaje gredi atakayorudi na mkondo wake, iwe na muhuri, mbaki na nakala.

Shule nyingi za kule hufundisha sayansi moja kwa mwaka mzima. Kama yuko mkondo wa sayansi, aseme mapema anataka kemia au fizikia, asije akapangiwa baiolojia aliyokwisha soma. Na asiondoke bila matokeo yake rasmi, yenye sahihi na muhuri.

Mama Kisauni
Ahsanteni sana. DS-2019 apakie wapi?

Karani wa Bandari
Mkoba wa mkononi, pamoja na pasipoti na kadi ya chanjo. Ofisa wa uhamiaji huitaka kabla binti hajalifikia sanduku lake.